BALKONI YA FUNGATE, MKOPO WA KAUSHA DAMU

Wadau, wiki hii Insta haikaliki, na kisa chenyewe ni chumba cha meli.

Mtangazaji mmoja wa redio hapa Dar, yule ambaye sare za kamati yake zilisemwa mwezi mzima, alienda fungate Misri na mumewe. Wakapanda meli ndogo ya watalii kwenye Mto Nile, safari ya usiku 4 kutoka Luxor hadi Aswan. Picha ya kwanza ikatua: bibie kwenye balkoni ya chumba chao, kanga begani, jua linazama. Laiki zikamiminika. Mabinti wakaanza kuwatagi wachumba zao: "Beibi, bila balkoni siendi."

Usiku wa 3 mambo yakageuka. Kwa umbea uliovuja kutoka kwa mashosti, simu ya bwana harusi iliita akiwa bafuni, mke akapokea. Upande wa pili alikuwa jamaa wa kausha damu anadai rejesho lake. Kumbe chumba cha dirisha la kawaida mume alikuwa anakimudu vizuri tu. Balkoni ndiyo aliyoikopea, na hakumwambia mtu. Tangu warudi, hakuna picha ya pamoja tena.

Sasa mitandaoni kuna timu mbili. Timu mke inasema mwanaume asiye na hela asioe. Timu mume inasema dada ana tamaa. Ukweli ni kwamba timu zote mbili zimepuyanga. Dada alisema anapenda balkoni, na kupenda siyo dhambi. Bei hakuambiwa. Kaka naye hakuwa na nia mbaya, aliogopa kuonekana hana. Kosa ni moja tu: hawakukaa chini wawili, hela mezani, wakachagua chumba pamoja.

Na wangekaa, wangegundua balkoni yenyewe haina maajabu kiasi hicho. Meli za Nile zikifika gatini mara nyingi hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili, tatu, hata zaidi. Abiria wa meli ya nje anapita mapokezi ya meli ya ndani ndipo akanyage nchi kavu. Hapo ukifungua pazia, badala ya mto unatazamana na chumba cha jirani, mzee wa watu yuko na bukta anapiga mswaki. Utafunga pazia upende usipende, na balkoni uliyoilipia ndiyo imeenda hivyo.

Mchana nao mnashuka kuona mahekalu ya Edfu na Kom Ombo. Meli ikitembea, watu wako juu kabisa kwenye viti vya kupunga upepo. Mandhari ya kule wanaiona wote, mwenye balkoni na aliyelala chini karibu na maji. Pale Esna meli zinaposubiri kupita kwenye lango la maji, wauzaji wanakuja na vimashua wanarusha kanzu na mashuka hadi juu. Vicheko vyote viko huko, siyo chumbani.

Chumbani ni pa kupumzika. Kwa hiyo maswali ya kumuuliza wakala kabla ya kulipa ni ya usingizi. Chumba kiko ghorofa ya ngapi? Ya chini kabisa huwa nafuu, ila dirisha liko karibu na usawa wa maji. Kiko mbele au nyuma? Nyuma ndiko injini zinakonguruma, na hata meli ikisimama kuna jenereta. Juu yake kuna nini? Ukiwa chini ya sehemu ya viti, utasikia vikiburutwa kichwani alfajiri. Ghorofa ya katikati, mbali na injini, ndiyo mpango mzima. Halafu kitanda! Vyumba vingi vya meli hizi vina vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja. Msiposema mapema, fungate mtalala kama wanafunzi wa bweni.

Kuna komediani mmoja aliyefanya safari hiyo hiyo mwaka jana na mkewe. Alimwambia kabisa, "Hela yetu inaishia hapa." Mke ndiye akachagua: chumba cha katikati, dirisha tu, kitanda kimoja. Picha waliyoposti ni moja, wako juu wanakunywa chai. Iliambulia laiki chache, lakini walirudi hawana deni na wanacheka mpaka leo.

Chumba cha fungate ni bajeti ya kwanza ya nyumba. Baada yake inakuja kodi, inakuja ada, inakuja siku mtoto anaumwa usiku. Wawili wakishindwa kuambiana ukweli kwenye kitu cha starehe, siku ya shida wataambianaje? Mwanaume anayesema "hapa sina, tuchukue cha dirisha" hajamshusha mtu hadhi. Na binti anayeuliza "tunakiweza kweli?" hajawa mshamba. Hao wameshaanza kuishi kama mume na mke, wengine bado wako ukumbini.

Haya wadau, kama ni wewe: balkoni ya mkopo au dirisha la hela yako? Tiririka hapo chini, ila matusi hapana.