Nani Anaupima Mlima Wetu?

Ndugu wachimbaji wa Misisi, Lulimba na Kilembwe, nanyi wenyeji wa Fizi na Baraka,

Mizani ya mnunuzi wa dhahabu kila mtu kwetu anaijua. Ni mizani ndogo ya mkono. Upande mmoja dhahabu, upande wa pili njiti za kiberiti au sarafu ya zamani. Mchimbaji husimama karibu, na macho yake hayatoki pale hata mara moja. Pengine anapunjwa, na mara nyingi anajua kwamba anapunjwa. Lakini mizani anaiona, bei anaisikia, na kama hairidhiki anaweza kufunga dhahabu yake katika kitambaa akaenda kuuliza kwa mnunuzi mwingine.

Leo twataka kusema habari za mizani nyingine, ambayo haiwekwi mezani wala haionekani sokoni. Ni mizani ya vitabu vya hesabu vya makompani. Kwa mizani hiyo mlima mzima hupimwa, pamoja na dhahabu ambayo bado haijaguswa na sururu ya mtu yeyote. Hupimiwa London, Toronto au kwingineko, na mwenyeji wa mlima hapati habari.

Wengine watatuuliza: mambo ya makarani wa hesabu yanatuhusu nini sisi watu wa sururu na wa soko la ndagala? Twajibu kwamba yanatuhusu sana. Hisa za milima ya Fizi zimekwisha kupita mikononi mwa watu wasiopata kuuona mji wa Baraka. Leseni za Akyanga, kule Misisi, zilikuwa chini ya kompani Casa Mining. Hisa za Casa zilishikwa na Ortac Resources ya London, ambayo mwaka 2018 ilijiita Arc Minerals, na baadaye zikauzwa tena. Na kila wakati hisa za namna hiyo zinaposhikwa au kuuzwa, mtu fulani anakaa mezani na kuamua: kitu hiki kina thamani gani?

Basi tueleze kazi hiyo inavyofanyika, maana adui mkubwa wa mnyonge ni kutojua.

Makompani mengi yanayouza hisa zao katika masoko ya dunia hufuata kanuni za hesabu zinazotungwa na bodi moja yenye makao London. Kanuni yao ya 13, iliyotolewa mwezi wa Mei 2011 na kuanza kutumika Januari 2013, inasema kwamba thamani ya haki ni bei ambayo mwenye kitu angeipata kama angekiuza siku ile ya hesabu, kwa mnunuzi mwenye kujua mambo, bila kulazimishwa na bila haraka. Maneno hayo ni mazuri. Nasi tungependa dhahabu yetu inunuliwe hivyo.

Kisha kanuni inaweka ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kitu kinachouzwa sokoni kila siku, kama hisa zenye bei iliyotangazwa. Hapo hakuna ubishi, bei husomwa na kuandikwa. Ngazi ya pili ni kitu kisicho na bei yake mwenyewe, lakini chaweza kulinganishwa na bei nyingine zinazoonekana sokoni, kama vile mtu anavyokadiria bei ya mtumbwi wake kwa kuutazama ule wa jirani uliouzwa juzi. Ngazi ya tatu ni kitu ambacho soko halikijui. Huko ndiko zinakoangukia hisa nyingi za migodi ambayo haijafunguliwa. Hapo karani hukaa na kalamu, akakisia dhahabu iliyomo chini, bei yake ya miaka ijayo, gharama za kuitoa na miaka itakayopita kabla ya kuipata. Mwisho huweka kiwango cha kupunguzia, kwa sababu ya kungoja na kwa sababu ya hatari.

Ndugu, kishikeni kiwango hicho, maana ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Dola 100 zitakazopatikana baada ya miaka 10, ukizipunguza kwa asilimia 8 kila mwaka, leo zina thamani ya dola 46. Ukizipunguza kwa asilimia 15, zinabaki dola 25 tu. Dhahabu ni ile ile, mlima ni ule ule, bali tarakimu moja ya karani imekula karibu nusu ya mali. Na karani anapotafuta sababu ya kuweka asilimia 15 badala ya 8, hutaja vita. Hutaja barabara ya Fizi, bunduki za milimani na magari yaliyoshambuliwa. Hivyo mateso yetu wenyewe huingia kitabuni na kuishusha bei ya mali yetu.

Hatusemi kwamba kila hesabu ya namna hii ni wizi. Hatari ipo kweli. Tazameni Namoya, ng'ambo ya mpaka wetu katika Kabambare. Banro ilifungua mgodi pale. Desemba 2017 ikakimbilia ulinzi wa mahakama huko Kanada kwa sababu ya madeni, mwaka 2018 wenye hisa wa zamani wakapoteza hisa zao, na Septemba 2019 kazi ikasimamishwa kwa sababu ya machafuko. Walioandika thamani kubwa vitabuni walipata hasara. Wafanyakazi nao walipata hasara, tena wao hawakuwa na kitabu cha kuandikia.

Wizi huanza pale kitu kimoja kinapokuwa na thamani mbili, moja ya kumwambia mwenye mali wakati wa kununua, na nyingine ya kuwaambia matajiri wakati wa kuuza.

Mfano tunao hapa hapa Kongo. Machi 2011 Gécamines, kompani ya serikali yetu, iliuza asilimia 20 ya mgodi wa shaba wa Mutanda kwa dola milioni 120. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Glencore, iliyokuwa na hisa katika Mutanda, ilijiandikisha katika soko la London, na katika karatasi zake mgodi huo ulipimwa kuwa na thamani ya dola bilioni 3 hivi. Pigeni hesabu wenyewe. Sehemu ya tano ya bilioni 3 ni milioni 600. Taifa lilipewa milioni 120.

Mwaka 2013 jopo lililoongozwa na Kofi Annan lilichunguza mauzo matano ya namna hiyo, ya kati ya mwaka 2010 na 2012, likakadiria kwamba Kongo ilipoteza dola bilioni 1.36. Wanunuzi walikuwa makompani yaliyoandikishwa katika visiwa vya mbali na kuhusishwa na mfanyabiashara Dan Gertler. Desemba 2017 Hazina ya Marekani ilimwekea vikwazo. Yeye amekana kosa lolote. Sisi twasema hivi tu: hisa za taifa zisiuzwe gizani, na kipimo chake kisifichwe.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba jambo hili si geni. Tarehe 27 Juni 1960, siku tatu kabla ya uhuru, Ubelgiji iliivunja Kamati Maalum ya Katanga, ambayo kwayo koloni ilikuwa na nguvu ya kura katika Union Minière. Theluthi moja ya mali ya kamati ikapewa Compagnie du Katanga. Bendera ilipopanda tarehe 30 Juni, nguvu ile ya kura ilikuwa imekwisha kututoka. Watu walicheza ngoma barabarani, na makaratasi yalikuwa yamekwisha tiwa sahihi.

Sasa twende kwenye mfuko wa mwananchi. Sheria ya migodi ya Machi 2018 inaipa serikali asilimia 10 ya hisa, bila kulipia, katika kompani yenye kibali cha kuchimba. Lakini hisa hula faida tu. Kompani ikiandika kitabuni kwamba thamani ya mgodi wake imeshuka, faida inashuka, na gawio laweza kukosekana kabisa. Mrabaha ni jambo jingine. Kwa dhahabu ni asilimia 3.5 ya mauzo, faida iwepo isiwepo. Dhahabu ya dola milioni 1 ikiuzwa, mrabaha ni dola 35,000. Katika hizo, asilimia 15, yaani dola 5,250, ni ya sekta au mji ambamo dhahabu imechimbwa, na asilimia 25 ni ya jimbo. Kwa hiyo mwenye kushika hesabu za mauzo ameshika shule na zahanati zetu.

Na bei haikulala. Mwisho wa mwaka 2015 aunsi moja ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 1,100. Oktoba 2025 ilipita dola 4,000. Mtu akija kwetu na kipimo cha zamani kununua mlima wa leo, tumwambie akapime upya.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, hisa ya serikali katika mgodi wowote isiuzwe kabla kipimo chake hakijafanywa na mpimaji asiye wa mnunuzi, na kutangazwa. Amri ya tarehe 20 Mei 2011 inadai mikataba ya mali ya asili itangazwe ndani ya siku 60. Lakini kutangaza baada ya kuuza ni kumwonyesha mwenye ng'ombe ngozi. Pili, vijana wetu waliosoma hesabu Uvira na Bukavu wasome maelezo ya nyuma katika vitabu vya makompani. Kanuni ya 13 inalazimisha kwamba katika ngazi ya tatu makisio yatajwe pale, pamoja na kiwango cha kupunguzia. Watusomee kwa Kiswahili, mkutanoni. Tatu, machifu na wakuu wa sekta wanapoitwa kuzungumza na kompani, wasiulize tu habari za kazi na barabara. Waulize: katika kitabu chenu mlima huu mmeuandika kwa thamani gani, na mwaka jana mliuandika gani?

Swali hilo halihitaji bunduki. Mchimbaji wa Misisi huliuliza kila siku mbele ya mizani ya njiti, wala hamwonei haya mtu. Taifa nalo lisione haya.