Vita vya kwenye kompyuta: adui naye aruhusiwe kushinda

Wadau, leo nataka tuzungumzie kitu ambacho kwenye habari za vita huwa hakipewi nafasi: mawasiliano. Nani alimwambia nani, saa ngapi, na kwa njia gani.

Anza na hesabu ndogo. Kikosi kina magari 30, yote yako kwenye simu ya upepo, masafa mamoja. Akiongea mmoja, wengine wote kimya. Kila gari likitumia sekunde 10 tu kutaja lilipo, zoezi zima linakula dakika 5. Magari yakiwa yanakwenda kilomita 30 kwa saa, lile la kwanza limeshasogea kilomita 2 na nusu tangu lijitaje. Yaani kamanda anamaliza kuchora ramani, na ramani yenyewe imeshapitwa na wakati.

Sasa weka data badala ya sauti. Kifaa kwenye gari kinatuma chenyewe namba chache za mahali kilipo, hakuna anayesubiri zamu ya kuongea. Jeshi la Marekani lilijaribu mambo haya mwaka 1997 kule Fort Irwin, California. Vita vya Iraq vilipoanza Machi 2003, mfumo wao wa Blue Force Tracker ulikuwa kwenye magari zaidi ya 1,000, wenzako unawaona kwenye skrini kwa rangi ya buluu.

Safi kabisa, sivyo? Ngoja kwanza.

Kabla ya kumwaga pesa kwenye mabadiliko kama haya, majeshi hutengeneza modeli, yaani vita vya kuigiza kwenye kompyuta. Modeli ikipima kasi ya ujumbe peke yake, kama hesabu yangu ya hapo juu, data itashinda kila siku. Tatizo ni kwamba adui hayumo kwenye hesabu.

Wamarekani walionyeshwa hilo mchana kweupe. Julai na Agosti 2002 walifanya zoezi la Millennium Challenge, lililogharimu kama dola milioni 250, sehemu uwanjani na sehemu kwenye kompyuta. Upande wa adui walimpa jenerali mstaafu, Paul Van Riper. Upande wa Marekani ulitegemea kwamba ukishampigia mitambo yake atakimbilia simu za setilaiti, nao watamsikiliza. Mzee hakushika simu. Amri zake zilipelekwa na matarishi wa pikipiki, na ndege ziliruka kwa ishara za taa. Kisha akarusha makombora kwa mkupuo na kutuma maboti madogo. Meli 16 zikazama, kwenye kompyuta.

Wakafanyaje? Meli zikaibuliwa, zoezi likaanza upya, na adui akawekewa masharti. Van Riper akaachia ngazi zoezi likiwa bado linaendelea.

Miezi saba baadaye vita vikawa vya kweli. Tarehe 23 Machi 2003, kampuni moja ya mafundi wa jeshi ilipotea njia ikaingia mji wa Nasiriyah. Kapteni wao alikuwa na GPS mkononi, lakini njia aliyokuwa akiifuata haikuwa ile iliyokusudiwa. Wanajeshi 11 katika msafara wa watu 33 waliuawa. Siku hiyohiyo, mji huohuo, ndege za A-10 ziliwashambulia wanamaji wa Marekani wenyewe, kwa sababu aliyetoa ruhusa kwa redio aliamini hakuna mwenzao aliyevuka daraja la kaskazini. Wanamaji 18 walikufa siku ile. Wanane ilithibitika waliuawa na Wairaki. Kwa wale 10 waliobaki, uchunguzi ulishindwa kusema ni risasi ya nani.

Angalia vizuri: tukio la pili linaitetea data, maana skrini ingeweza kuonyesha wenzao wako wapi. La kwanza linatuambia kifaa hakikuokoi ukishakabidhiwa njia isiyo yako. Yote mawili ni ya kweli.

Na data ina shimo lake. Februari 24, 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, wadukuzi waliizima mitambo ya wateja wa intaneti ya setilaiti ya Viasat. Maelfu kwa maelfu ya vifaa vikafa kwa mpigo, mpaka nje ya Ukraine.

Kwa hiyo mimi nasema modeli ya maana lazima iwe na mambo matatu: mtandao unaozidiwa, askari aliyechoka asiyeangalia skrini, na adui mwenye ruhusa ya kukataa mchezo wako. Halafu likitokea jibu baya, liachwe lilivyo. Meli ya kwenye kompyuta unaiibua kwa kubonyeza kitufe. Wale 18 wa Nasiriyah hakuna kitufe chao.

Mnaonaje wadau? Aliyewahi kutumia simu ya upepo kazini, awe mlinzi, baharia au wa zimamoto, atuambie hapo chini: sauti ya mwenzako ilishawahi kukuambia kitu ambacho maandishi yasingekuambia?