Kivuli Nacho ni Kisima

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Methali hii waliitunga watu waliokuwa na hakika kwamba kivuli kipo. Mtu akishamaliza palizi, ataburuta miguu mpaka chini ya mwembe, atatandika jamvi na kuletewa sahani. Hawakuuwazia mji ambao mtu huchuma juani tangu alfajiri, kisha akaangaza huku na huku asione pa kulia. Mji huo, ndugu zangu, ndio tunaoujenga Garissa kwa mikono yetu wenyewe, na mawaidha ya leo yanamhusu kila mwenye shoka, kila mwenye duka na kila mwenye ndoo.

Simama saa sita mchana kandokando ya Barabara ya Kismayu, mwezi wa Februari au Machi, joto limepita nyuzi 35 na mvua za Gu bado hazijatia mguu. Tazama watu wako wapi. Wako chini ya miarobaini. Mama muuza maziwa ya ngamia ameegemeza madumu yake ya manjano shinani. Vijana wa bodaboda wamepanga pikipiki kwa kukifuata kivuli, na kivuli kikisogea nao husogea. Fundi viatu amefungua kiboksi chake hapo. Mzee anayengoja adhana ya adhuhuri ameweka birika lake juu ya mzizi. Pembeni yake mgonjwa aliyetoka hospitali anasubiri gari la Modogashe. Mti mmoja umekuwa soko, stendi, karakana na baraza, na hakuna anayedaiwa kodi.

Mwarobaini si mzaliwa wa hapa. Asili yake ni Bara Hindi na Burma. Ulivuka bahari ukashika pwani yetu, na Waswahili wakaupa jina kwa hesabu ya maradhi arobaini yanayosemekana kutibika kwa majani, magome na mbegu zake. Wengine huuita mkilifi. Kisha ukaingia bara, ukapandwa mbele ya ofisi, shule, misikiti na nyumba za Garissa, Wajir na Mandera. Sababu ya kupendwa kwake ni wazi. Huvumilia mvua haba na udongo mbovu, na kiangazi kinapoivua migunga majani, wenyewe husimama kijani. Uchungu wake nao huukinga kiasi na mbuzi, ambaye katika mji wetu ni mwananchi kamili mwenye uhuru wa kutembea.

Mwenyeji hasa ni mgunga, ule wenye kilele kilichotandazwa kama mwavuli, ambao Wasomali huuita qurac. Nyasi zikiisha, maganda yake yanayoanguka ndiyo akiba ya mbuzi na kondoo. Chini ya mti kama huo wazee wamekaa vikao vya xeer, sheria ya mila, wakakadiria dia na kupatanisha koo zilizokuwa zikiviziana visimani. Kwa Kisomali geed ni mti, na neno hilo hilo hutumika kwa maana ya kikao cha kutoa haki. Jamii iliyoufanya mti kuwa mahakama haiwezi kusema leo kwamba mambo ya miti ni ya watu wa Nyeri.

Teremka mpaka Mto Tana uone utajiri mwingine: mikoma inayotoa makuti ya mikeka na vikapu, mikuyu, miembe ya mashamba, na mpopla wa Tana, mti wa ukoo wa mipopla ya Ulaya na Asia, ambao kwetu hauoti ila kandokando ya mito michache ya Afrika Mashariki. Toka nje ya mji uingie nyikani, utakutana na mswaki, ambao vijiti vyake huuzwa kwa mafungu milangoni mwa misikiti. Utakutana na miti ya ubani na manemane, ambayo utomvu wake hufukizwa nyumbani magharibi inapoingia. Basi asituambie mtu kwamba nchi yetu ni kame na haina miti. Miti tunayo. Tulichokosa ni adabu ya kuishi nayo.

Nitataja makosa yetu bila kumtaja mtu, kwa kuwa sote tumo. Kuna mwarobaini uliochunwa magome kuzunguka shina zima kwa ajili ya dawa, na aliyechuna hakujua, au hakujali, kwamba mti uliochunwa mzunguko mzima hufa. Kuna uliopigiliwa misumari ya mabango mpaka ukageuka ubao wa matangazo. Kuna ambao fundi magari amejipatia riziki chini yake miaka kumi, akaulipa kwa kumwagia mizizi yake oili chafu kila jioni. Kuna unaochomewa taka shinani, na kuna uliozibwa kwa saruji mpaka shingoni, lisipite hata tone la maji. Na kuna ule uliokatwa kwa sababu matawi yake yaliziba jina la duka. Mwenye duka alipata jina, akapoteza wateja waliokuwa wakisimama mlangoni pake kwa ajili ya kivuli.

Wahenga walisema pia, mti mkuu ukianguka wana wa ndege huyumba. Wana wa ndege wa mji huu ni nani? Mwenye gari lenye kiyoyozi hayumo, wala mwenye ofisi yenye feni. Ni yule mama wa maziwa na yule mgonjwa wa Modogashe. Anayekata mti wa njiani huwanyang'anya watu wasio na paa jingine, na huwanyang'anya bila kuonana nao uso kwa uso.

Mfugaji wa kaskazini hahitaji kufundishwa maana ya mali ya wote. Kisima kina waliokichimba, kina zamu na kina sheria. Kwa Waborana yuko aba herega, msimamizi wa zamu ya kunywesha mifugo, na neno lake humfunga mwenye ngamia mia sawasawa na mwenye mbuzi watano. Mtu akitia uchafu kisimani hataulizwa kama kisima ni cha babake. Ataitwa mbele ya wazee. Sasa niambieni, kivuli cha saa sita katika mji wa Garissa ni nini kama si kisima? Huzima kiu ya ngozi. Hunywewa na mwenyeji na mgeni. Hukauka kikitumiwa vibaya, na kukichimba upya ni kazi ya miaka. Tumeweka sheria juu ya maji yaliyo chini ya ardhi, tukaliacha pweke lile tone la ubaridi lililo juu yake.

Wala dini haikutuacha gizani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alionya juu ya mtu anayekidhi haja katika njia ya watu au katika kivuli chao, akalihesabu tendo hilo katika mambo yanayomletea mtu laana. Ikiwa kukichafua kivuli ni hivyo, kukiondoa kabisa itakuwaje? Alifundisha pia kwamba Mwislamu akipanda mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Na kwamba aliye na mche mkononi, Kiyama kikimkuta, aupande akiweza. Sadaka ya namna hii haihitaji utajiri. Inahitaji subira, na subira ndiyo tunayoihubiri kila Ijumaa.

Yuko atakayenijibu, maji hatuna. Ni kweli kwamba mvua ya mwaka mzima Garissa kwa kawaida haifiki hata milimita 500, na misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, tuliona mizoga ya ng'ombe njiani na hata ya twiga katika hifadhi ya Sabuli kule Wajir. Lakini hesabu maji ya udhu. Kila bula, yaani mtaa, ina msikiti, kila msikiti una sala tano, na kila sala ina watu wanaoosha mikono, nyuso na miguu. Maji hayo huenda wapi? Huenda mferejini, yakazalisha mbu. Yakigeuziwa mfereji mdogo wa kuelekea mizizini, msikiti mmoja utalea miti kadhaa bila kununua hata bouza moja la maji. Shule nayo ina maji ya kunawia mikono. Na nyumba isiyo na msikiti jirani itwae dumu kuukuu la lita 20, ilitoboe tundu dogo chini na kuliweka penye mche, maji yadondoke polepole usiku kucha.

Yuko mwingine atakayesema, mlitupandisha mathenge mkatuponza. Huyu ana haki ya kusikizwa. Mathenge uliletwa Bamburi, Mombasa, mwaka 1973 kwa nia njema ya kufufua ardhi iliyochimbwa mawe. Miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, Turkana na bonde la Tana, ukijulikana kuwa mti usioogopa jua. Kweli haukuogopa jua, na wala haukuogopa watu. Umeziba malisho, umeziba njia za mifugo kufikia maji, na miiba yake imetoboa kwato na magurudumu. Maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi, na mwaka 2006 wafugaji wa Baringo walipoishtaki serikali, walifika mahakamani na mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Fundisho la mathenge ni kwamba mti ni kama mchumba: ulizia ukoo wake kabla hujamwingiza nyumbani. Penye mgunga, mkuyu au mkoma wa asili, tunza huo kwanza. Barabarani, mwarobaini umekaa nasi muda mrefu, na tabia yake tunaijua.

Wa tatu atasema, mama hapiki kwa mawaidha, anapika kwa makaa. Nakubali. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, na mji nao ukizidi kupanuka, njaa ya kuni na makaa imeila nyika maili kwa maili. Lakini huyu na yule wa pili wangekutana wangepeana dawa. Mathenge hutoa makaa mazuri. Anayeteketeza mgunga wa miaka mingi ilhali mathenge umeizunguka nyumba yake ni sawa na mtu anayechinja ngamia wa maziwa akamwacha fisi zizini. Wazee wa bula na serikali ya kaunti wakiupiga marufuku mkaa wa mgunga na kuuachia ule wa mathenge, mpishi atapika na malisho yatapumua.

Nchi yetu imeandika ahadi kubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya. Desemba 2022 ilitangazwa kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa sikukuu nzima ya kupanda. Nasifu nia hiyo. Lakini kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mche hupandwa kwa dakika tano, mpandaji akapigwa picha na kushangiliwa; kisha unakuja mwezi wa Januari, anakuja mbuzi, unakuja upepo wa vumbi, na hakuna aliyeitwa kulea. Nauliza bila kejeli: ni wangapi kati yetu tuliorudi tarehe 14 na ndoo ya maji? Mti mkubwa uliosimama leo umeshapita hatari zote hizo. Kuulinda mmoja ni rahisi kuliko kupanda mia na kuiacha ife.

Wenzetu wametangulia. Mwaka 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, mugumo wa Waiyaki Way, unaosemekana kupita umri wa miaka mia, ulikuwa karibu kung'olewa. Watu walipaza sauti, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uhifadhiwe. Kule Unguja, karibu na Forodhani, upo mti mkubwa uliopandwa na Sultani Khalifa. Mafundi wa majahazi wamefanya kazi kivulini mwake, na wenyeji wameupa jina, Mtini. Kitu chenye jina hakikatwi kimyakimya. Yetu tunaitaja kwa kusema "pale penye mti" tu, na siku ukikatwa, hata maelekezo ya njia hufa pamoja nao.

Basi nasihi yangu ni hii. Kila bula iandike daftari la miti yake mikubwa. Vijana wa shule waihesabu, waipime mizingo na kuipa majina, ya wazee waliokuwa wakikaa chini yake ikibidi. Kila mti upewe aba herega wake, awe mwenye duka, imamu, mwalimu au kiongozi wa stendi ya bodaboda, naye awe na haki ya kumwambia mtu, "Ndugu, ondoa msumari wako." Fundi magari atie oili chafu kwenye pipa. Mganga achune kipande kidogo cha gome, auachie mti njia ya kupitisha chakula chake. Mkandarasi wa barabara aonyeshe kwanza miti atakayoikata, wenye kivuli waulizwe, na pasipo budi apande mingine na ailee mpaka isimame, ndipo alipwe fungu lake la mwisho.

Wewe unayesoma haya umeegemea shina, inua macho uutazame huo mti. Aliyeupanda huenda hakuwahi kukaa chini yake. Alichuma juani ili wewe ule kivulini. Tukiuangusha, wajukuu wetu wataisoma methali ile na kuifahamu kwa maana yake nyingine: mchumia juani atalia, na kulia kwenyewe hakutakuwa kwa chakula.