Soka ya Marekani hupitia darasani

Huenda nawe umewahi kupata kadi ya harambee ya kijana anayesemekana kwenda Marekani kucheza mpira na kusoma bure. Kabla hujatia mkono mfukoni, au kabla ndugu yako kule mashambani hajauza ng'ombe, hebu tuyachambue mambo haya.

Tuseme ni binti wa Kibirichia, kule Meru, ambako viazi ndivyo hulipa karo. Anafunga mabao, na timu ya shule yake imepanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha mashindano ya kanda. Hapo ndipo hujitokeza bwana mmoja mwenye mkoba. Anadai ana nafasi ya ufadhili kamili chuoni Marekani, mradi alipwe kabla ya Ijumaa.

Jambo la kwanza: kule, soka ya vijana imefungamana sana na shule na vyuo. Mashindano makubwa ya vyuo husimamiwa na shirika la NCAA, lenye madaraja matatu. Vyuo vya daraja la kwanza na la pili huruhusiwa kutoa ufadhili kwa sababu ya mchezo. Vya daraja la tatu haviruhusiwi. Lipo pia shirika la NAIA, ambalo vyuo vyake vingi ni vidogo.

Je, ufadhili kamili upo? Upo, lakini ni wa wachache. Kwa miaka mingi hadi 2025, timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili 9.9 pekee, ilhali ina wachezaji zaidi ya 20. Kocha alilazimika kuugawa vipande vipande, na mzazi akatafuta pengo lililobaki. Timu ya wanawake iliruhusiwa ufadhili 14. Tangu 2025 vyuo vingi vikubwa hufuata kikomo cha wachezaji 28 badala ya hesabu hiyo, lakini hakuna chuo kinacholazimishwa kumlipia kila mmoja.

Hapo binti yetu asikate tamaa. Tangu sheria ya Marekani ya 1972 ipige marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu, soka ya wasichana vyuoni imekua mno. Katika daraja la kwanza, vyuo vyenye timu ya wanawake ni vingi kuliko vyenye timu ya wanaume.

Na Waafrika wamefaulu huko. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, kilitwaa ubingwa wa NCAA kikiwa na wachezaji kutoka Afrika na Karibi. Mkenya mwenzetu Lawrence Olum alipitia Chuo Kikuu cha Missouri Baptist, kisha akawa katika kikosi cha Sporting Kansas City kilichoshinda kombe la ligi kuu ya Marekani 2013.

Sasa basi, mzazi, yakumbuke haya matatu. Kwanza, alama za darasani hukaguliwa kabla ya mabao. Mwanafunzi anayekosa masomo ili afanye mazoezi anajifungia mlango anaoubisha. Pili, asikimbilie kutia saini mkataba na klabu ya kulipwa, wala asikae miaka akicheza ligi baada ya kumaliza shule. Mambo hayo yanaweza kumpunguzia misimu ya kucheza chuoni, au kumnyima yote.

Tatu, kocha wa chuo hauzi nafasi. Mwanao anaweza kumwandikia mwenyewe, akatuma matokeo yake na video ya mechi. Ada ya NCAA hulipwa kwa NCAA, ya viza kwa serikali ya Marekani. Anayetaka zote zipitie mfukoni mwake, mwulize jina la chuo na la kocha, kisha uwasiliane na chuo hicho moja kwa moja. Akianza kugugumia, mfungulie mlango aende zake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Binti wa Kibirichia ainamie vitabu vyake jioni, na mpira aupige saa za mpira. Tukutane Jumapili ijayo.