Mpeni Mwenye Sura Picha Yake

Nina ugomvi na wapiga picha wa Arua, na wengi wao ni wanafunzi wenzangu. Tangu Arua ipandishwe hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, kila mwenye simu yenye kamera nzuri amejitangaza kuwa mtunza kumbukumbu wake. Wanapiga picha soko jipya la ghorofa, Kilima cha Arua, kanisa kuu la Ediofe, mto Enyau, waendesha bodaboda wakisubiri abiria, akina mama na mabeseni yao ya maembe, misafara ya harusi. Wanasema wanataka dunia iione West Nile kwa jicho la wenyeji, si la wageni. Nia hiyo naiunga mkono. Ninachopinga ni namna wanavyoitekeleza. Mwenyeji anayempiga mtu picha bila kumsemesha, akaondoka nayo asirudi, anatofautiana na mgeni kwa pasipoti tu.

Shangazi yangu anauza angara, wale samaki wakavu wa Ziwa Albert, sokoni Arua. Miaka michache iliyopita mtu alimpiga picha akipanga samaki wake, akaenda zake. Baadaye jirani yetu aliiona sura ya shangazi kwenye kalenda ya shirika moja, na chini yake maneno kwamba huyu ni mkimbizi anayejenga upya maisha yake. Shangazi amekuwa mkimbizi mara moja tu, mwaka 1980, akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, pale watu wengi wa West Nile walipokimbilia Zaire na Sudan baada ya utawala wa Amin kuanguka. Neno mkimbizi halikumtia aibu, maana anaujua uzito wake. Kilichomuudhi ni kwamba kalenda ilikuwa na jina la shirika, jina la mpiga picha na namba ya simu ya ofisi, ila jina lake halikuwepo. Wala hakuletewa hata nakala moja ya kutundika ukutani kwake.

Kuna kisa kikubwa kuliko hiki, nacho kinawahusu majirani zetu wa Sudan Kusini, ambao wengi wao leo wanaishi Bidi Bidi na Rhino Camp, katika wilaya za jirani na jiji letu. Machi 1993, huko Ayod, Kevin Carter wa Afrika Kusini alimpiga picha mtoto aliyeinama chini kwa njaa, tumbusi akiwa nyuma yake. Picha hiyo ilichapishwa na New York Times, na mwaka 1994 ikapata tuzo ya Pulitzer. Dunia ililia. Lakini kwa miaka 18 dunia hiyohiyo haikujua hata kama mtoto yule alikuwa wa kike au wa kiume. Wengi waliandika kwamba ni msichana. Ni mwaka 2011, gazeti la El Mundo la Hispania lilipomfikia baba yake, ndipo ilipoandikwa kwamba alikuwa mvulana, na kwamba aliivuka njaa ile akafa kwa homa miaka mingi baadaye. Sisemi kwamba picha ile isingepigwa. Nasema watu waliilia picha wakasahau kuuliza habari za mtoto.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na picha ni mali. Mwaka 2015 watafiti walikuta katika Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, kabati lenye negativu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za enzi za Idi Amin. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Wapiga picha wa serikali walikuwa wakimfuata rais kwenye mikutano na sherehe zake. Kwa hiyo leo Amin na wakuu wake tunawatambua bila shida. Je, wale raia waliokusanywa kushangilia ni akina nani? Walitoka vijiji gani? Wajukuu wao wakiziona picha hizo, watajuaje kwamba wanamtazama bibi yao? Kosa hilo la serikali ya wakati ule ndilo tunalolirudia kwa simu zetu, tena bila kulazimishwa na mtu.

Yupo mpiga picha tunayemcheka, naye alilielewa jambo hili zamani. Ni yule wa studio ndogo mwenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, anayepiga picha za pasipoti, harusi na mahafali. Tunasema kazi yake si sanaa. Lakini kwake mteja huingia kwa hiari, huchagua nguo, husema asimame vipi, hulipa na kuondoka na picha yake. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi N.V. Parekh kule Mombasa, na akina Oza katika Capital Art Studio kule Unguja. Leo picha zao ni sehemu ya historia ya pwani, na waliopigwa walizipeleka nyumbani kwanza kabla mtafiti yeyote hajazigusa.

Majibu ya wenzangu nayajua. La kwanza, wanasema ukiomba ruhusa picha inakufa, kwa kuwa watu huganda kama sanamu. Basi piga kwanza, kisha msogelee mtu huyo, mwonyeshe kioo cha simu, umwulize. Akikataa, ifute mbele yake. Muuza maembe hakimbii, kesho utamkuta palepale. La pili, wanasema hadharani hakuna siri. Hata kabla ya kufika kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayoipa ridhaa uzito mkubwa, kuna suala la adabu. Kwetu humpiti mtu mzima bila salamu. Iweje uchukue sura yake bila salamu? La tatu ni zito zaidi: jina linaweza kumhatarisha mtu aliyekimbia vita. Ni kweli, na ndiyo sababu aulizwe mwenyewe. Anaweza kuchagua jina lingine au kukataa kutajwa kabisa. Akilificha jina lake yeye, anajilinda. Ukiliacha wewe kwa uvivu, unamdharau.

Wengine wataniuliza kuhusu wenye nguvu. Agosti 2018, katika kampeni za uchaguzi mdogo wa Manispaa ya Arua, Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, aliuawa kwa risasi, na waandishi wa habari wa televisheni wakakamatwa wakiwa kazini. Siku kama hiyo mpiga picha asimwombe ruhusa mwenye bunduki. Askari na waziri wanatumia mamlaka ya umma, kwa hiyo wanawajibika kwa umma. Muuza angara hana deni lolote kwetu. Vilevile sidai mtu aulize majina ya uwanja mzima wa mpira. Nazungumzia picha inayobebwa na sura ya mtu mmoja, ile tunayoipenda kwa sababu ya macho yake.

Wahadhiri wetu nao wana sehemu yao. Tunapokwenda nyanjani kukusanya methali na simulizi, tunafundishwa kupata ridhaa ya msailiwa kwa ajili ya sauti yake. Kisha tunabandika picha yake kwenye kiambatisho na kuandika chini yake “mfanyabiashara sokoni”. Picha ya namna hiyo irudishwe kwa mwanafunzi kama inavyorudishwa sura isiyo na hoja. Na kila maonyesho ya picha yanayoandaliwa na wanafunzi yawe na masharti matatu: aliyepigwa ameulizwa, jina lake limeandikwa kama alivyotaka yeye, na nakala iliyochapishwa imemfikia kabla picha haijatundikwa ukumbini. Kuchapa nakala moja hakutushindi, sisi tunaonunua vifurushi vya intaneti kila siku ili kuzirusha picha hizohizo. Asiyeweza kutimiza masharti hayo aendelee kupiga picha vilima na mito. Enyau haidai nakala.