Msimu wa homa: Kabla ununue dawa ya kunyunyiza, angalia dirisha na mtungi wa maji

Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi Nairobi, na kila mwaka hadithi ni ile ile. Mtoto mmoja anarudi na makamasi kutoka shule, siku chache baadaye nyumba nzima inakohoa.

Ni msimu huo huo matangazo ya sabuni za "kuua viini" hujaa kwenye simu. Nunua chupa hii, familia itakuwa salama. Kweli?

Septemba 2016, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku sabuni za kunawa zenye kemikali 19 za kuua bakteria, ikiwemo triclosan. Sababu? Watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinakinga watu kuliko sabuni ya kawaida na maji.

Tena homa hii hata hailetwi na bakteria. Ni virusi vya influenza, na virusi hivyo vimefunikwa na utando wa mafuta. Sabuni inayotoa mafuta kwenye sufuria huupasua utando huo pia. Kipande cha kufulia kinatosha. Ile pesa ya ziada kwenye chupa unalipia harufu na tangazo.

Sabuni si shida sana basi. Shida ni maji.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na tangu 2017 wakazi wamezoea ratiba ya mgao. Bomba la ploti likikauka, unanunua mtungi wa lita 20, na bei inapanda kwa sababu kila mtu anautaka. Mama mwenye mitungi miwili ya siku nzima anapanga: ya kupika, ya kunywa, ya nepi, ya choo. Kinachokatwa kwanza ni kunawa mikono. Si uchafu wala ujinga, ni hesabu.

Na tulishaona kwamba inawezekana. Kisa cha kwanza cha Corona kilipotangazwa Kenya, Machi 13, 2020, matangi ya kunawa yalijaa stejini, sokoni na kwenye milango ya maduka. Leo mengi ni matupu, mengine hayaonekani kabisa. Tulichukulia maji ya kunawa kama kitu cha dharura, dharura ikaisha, maji yakaenda nayo. Homa haikwenda.

Kuna njia ya kubana matumizi: kibuyu chirizi. Toboa tundu dogo kwenye mtungi wa lita tano, uning'inize karibu na choo, uinamishe kwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Maji yanatoka kidogo kidogo, na hakuna anayeshika bomba.

Lakini hata mikono ikiwa safi, homa husafiri sana kwa hewa. Mgonjwa anaweza kuanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya. Yaani ukianza kupangusa vitasa baada ya kikohozi cha kwanza, umeshachelewa kidogo.

Sasa fikiria chumba kimoja, watu watano, dirisha limefungwa na kitambaa kimezibwa chini ya mlango. Wengine wanaingiza jiko la makaa wapate joto. Hapo hatari ni mbili: virusi, na hewa ya sumu ya makaa, isiyo na harufu, ambayo huua watu usingizini. Jiko likae nje, na dirisha lifunguliwe mchana hata kwa saa moja. Wenye nyumba wanaojenga ploti zenye dirisha linalotazama ukuta nao wana swali la kujibu, na maafisa wa kaunti waliozipitisha pia.

Cha kupangusa? Anza na hiyo simu uliyoshika. Kwenye plastiki na chuma virusi vinaweza kukaa saa 24 hadi 48, na ni simu hiyo hiyo unayompa mtoto mgonjwa aangalie katuni. Izime, tumia kitambaa chenye unyevu kidogo wa sabuni. Kwa vitasa na meza, Jik ya asilimia 3.5 inatosha: kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, mvuke wake ni sumu. Na taulo ya mgonjwa iwe yake peke yake.

WHO inakadiria homa hii huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wazee, wajawazito na wenye pumu. Kwa hivyo mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, au akikataa kunyonya, usipitie dukani kununua antibiotiki. Haziui virusi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.