Kamera Inamwona Dereva, Haioni Foleni

Mfanyabiashara wa mpunga wa Kamsamba, wilayani Momba, mwenye Fuso mbili na kampuni ya Dar es Salaam yenye semi mia mbili wanauziwa siku hizi kitu kimoja, kwa maneno yale yale: funga kifaa cha kufuatilia gari, traka au kamera, gharama zitashuka. Wauzaji hawasemi uongo. Ila hawasemi gharama ipi, wala itashuka kwa nani. Mimi naona kifaa hiki kinamlipa zaidi mmiliki anayekitumia kupima muda gari linapokaa bure kuliko anayekitumia kumwinda mwizi. Wengi wananunua kwa ajili ya kuwinda.

Twende kwanza kwenye mafuta, maana ndiko fedha iliko. Semi iliyoshiba mzigo hula takribani lita moja kwa kila kilometa mbili. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900, kwa hiyo tunazungumzia lita 450 kwenda tu. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue Sh3,000 kwa lita: inazidi Sh1,300,000 kabla gari halijagusa Nakonde, upande wa Zambia. Hapo dereva akinyonya lita 40 na kuziuza kwenye madumu njiani, tajiri ameumia Sh120,000, na safari bado ndefu. Ndiyo maana kijiti cha kupima mafuta kinachozamishwa ndani ya tangi kinauzika haraka kuliko kamera.

Lakini kijiti hicho kinahitaji mtu anayejua kukisoma. Kwenye simu ya tajiri mafuta huonekana kama mstari. Gari likiwa limesimama, injini imezimwa, mstari ukaporomoka lita 40 kwa dakika tatu na usipande tena, huo ni mpira wa kunyonyea. Ukiporomoka lita 15 gari likiwa linatembea, kisha ukarudi juu, hayo ni mafuta yanacheza ndani ya tangi kwa sababu ya mashimo au mteremko. Nimesikia madereva wakishushwa kazini kwa mstari wa aina ya pili. Tajiri alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti cha Fuso barabara ya vumbi.

Na hapa Kamsamba inatoa somo ambalo muuzaji wa mjini hana. Barabara ya Mlowo–Kamsamba, kilometa zipatazo 130, inashuka kutoka nyanda za juu za Mbozi hadi bonde la Ziwa Rukwa, na daraja la Mto Momba limeufungua upande huu kwa magari yanayotoka Kilyamatundu mkoani Rukwa. Mzigo ni mpunga, ufuta na mahindi. Masika gari linaweza kupanda kurudi Mlowo kwa gia ndogo saa nzima, matairi yakichimba tope, na mafuta yakienda kwa kasi ambayo kwenye lami ya Vwawa ungeiita wizi. Mmiliki akimpimia dereva wake kwa kipimo cha lami, amekwisha kumhukumu kabla hajaondoka. Kipimo kiwe cha njia hiyo na msimu huo, kitokane na safari kadhaa ambazo mmiliki au mtu wake wa kuaminika alikuwemo garini.

Mtandao nao una mambo yake. Kifaa kikikosa mawimbi ya simu bondeni huhifadhi taarifa na kuzituma baadaye. Kwenye ramani ya tajiri gari limepotea saa mbili. Ni kweli wapo wanaochomeka kizuia mawimbi ya GPS kwenye tundu la kuwashia sigara. Tofauti hujulikana gari linapotokea tena: la bondeni hushusha nukta zote za njia zilizokuwa zimehifadhiwa, la kizuia mawimbi hubaki na pengo.

Sasa tuje kwenye muda. Injini kubwa ya dizeli ikinguruma bila kutembea hula lita mbili hadi tatu kwa saa. Saa kumi za foleni ya Tunduma, injini ikiwaka, ni lita 20 hadi 30 zilizoungua gari likiwa halijatoka mtaani. Ripoti ya kifaa itamwandika dereva kwamba ameacha gari likiwaka. Muulize kwa nini, naye atakwambia betri imechoka, akizima ataomba kusukumwa, na foleni inasogea mita chache kila mara. Kosa limeandikwa kwa jina la dereva, sababu yake iko kwenye betri ambayo tajiri ameahirisha kununua tangu mwaka jana. Kifaa kimesema kweli, na bado mtu asiyehusika ndiye anayekatwa.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia, kwa lengo la kupunguza muda wa foleni hiyo. Foleni hazikuisha. Gari linalolala siku mbili mpakani halina mafuta ya kuibiwa ya kutosha kufikia hasara ya siku hizo: marejesho ya mkopo yanaendelea, posho ya dereva inaendelea, na mzigo wa kurudi unapewa mwingine.

Kamera nimeiweka nyuma makusudi. Ina kazi yake, hasa kwenye mteremko kama wa Senjele, ambako malori yaliyoshindwa breki yameua watu wengi. Picha inayoonyesha kwamba dereva alishuka kwa gia nzito, na kwamba aliyeingia upande wake ni mwingine, inaweza kumwokoa asilale mahabusu. Marekani faida kubwa ya kamera iko mahakamani na kwenye bima, kwa sababu kesi moja ya ajali huko inaweza kuifilisi kampuni. Hesabu hiyo haihamii Momba. Mwenye Fuso aliyekata bima ya mtu wa tatu peke yake hana punguzo la maana la kudai. Kwake traka ya kawaida inatosha. Fedha ya kamera ikanunue matairi.

Kwa wenye magari mengi, kamera inayomtazama dereva usoni inaleta swali jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu na tajiri wa malori: sura ya mtu akiwa amelala kitandani nyuma ya kiti ni taarifa yake binafsi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara kiholela. Lazima aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Nani anafanya hivyo? Dereva asiye na mkataba hukatwa kwenye mileji, kimya kimya, kwa picha ambayo hakuonyeshwa. Mgomo wa madereva wa Mei 2015 ulihusu mikataba hiyo hiyo, na kamera ikifungwa juu ya uhusiano usio na mkataba, tajiri anapata ushahidi na dereva hapati chochote.

Ulaya walianza kwingine. Tachografu ya kidijitali kwenye malori yao hupima saa za kuendesha: tisa kwa siku kwa kawaida, na mapumziko ya dakika 45 baada ya saa nne na nusu. Dereva ana kadi yake yenye kumbukumbu hizo, na bosi akimlazimisha kuendelea, kadi inamshitaki bosi. Kifaa ni cha kumchunga, sawa, lakini kinawachunga wote wawili. Hapa mamlaka ya usafiri ardhini, LATRA, imefunga mfumo wa kufuatilia mabasi, na wamiliki waliouchezea wamewahi kusitishiwa leseni. Malori ya transiti yana lakiri za kielektroniki za mamlaka ya mapato, TRA. Kila taasisi inafuatilia kinachoihusu, na TRA haihusiki na betri ya mtu.

Kinachonishangaza ni kwamba takwimu za foleni tayari zipo. Kila traka iliyosimama Mpemba kwenye mizani, Tunduma mpakani au kwenye ghala la ufuta wakati wa msimu imeandika saa ya kufika na saa ya kuondoka. TATOA na TAMSTOA, vyama vya wamiliki wenyewe, wanaweza kuzikusanya bila kutaja jina la dereva wala la mteja, wakazipeleka mezani serikali inapojadili tozo na saa za kazi za mpakani. Ghala linalochelewesha Fuso siku nzima lidaiwe fidia ya kusubiri, iandikwe kwenye mkataba wa usafirishaji kwa kiwango cha saa. Fedha hiyo ni kubwa kuliko dumu la lita 40, na mdaiwa wake hawezi kusema hakuwepo.